Uzi Ulikuwa Mkononi Mwangu

Ilikuwa saa tisa alasiri, mwezi wa Desemba, na giza lilishaanza kutanda juu ya bahari ya Norwei.

"Sjur, picha inakatikakatika," aliniambia Torgeir, bosi wetu melini. "Kasafishe kile kiungo cha winchi. Fanya haraka, Ragnhild asije akatumalizia kahawa."

Roboti yetu ilikuwa chini, mita mia tatu, ikikagua bomba la gesi. Picha zake hupanda kama mwanga ndani ya uzi wa kioo. Uzi huo hukunjwa kwenye gurudumu kubwa la winchi inayoishusha na kuipandisha roboti, na katikati ya gurudumu hilo kuna kiungo kinachopokeza mwanga kutoka upande unaozunguka hadi upande uliotulia. Kukifikia, lazima utumbukize mkono hadi begani, katikati ya vyuma.

Sikuzima umeme wa winchi kwa swichi ya usalama. Kazi ya dakika tano tu, nikajiambia.

Nikauchomoa uzi. Nikaanza kuufuta humo humo ndani.

Redio ikakoroma kifuani pangu. Alikuwa Ragnhild, mwendesha roboti, kutoka chumba cha skrini.

"Hapo sawa, Sjur. Picha safi kabisa."

Nikacheka. "Acha utani, dada. Sijaunga bado. Uzi ninao mkononi."



Kisha akanong'ona, "Basi huyu ninayemwona ni nani?"

Harufu ikanijia... mwani uliooza, na sufu iliyolowa.

"Anatembea kule chini... Sjur, ni Halvard."

Halvard alikuwa kaka yake. Mashua yake ilizama eneo lile miaka mitatu nyuma, na maiti haikupatikana. Kwetu pwani kila mtoto huonywa: aliyekufa maji akikuita, usimwitikie.

"Ragnhild, usimjibu!"

"Anasikia baridi. Anaomba nimpandishe."

Kitufe cha winchi kilikuwa mezani pake.

"Mkono wangu uko ndani! Usigu..."

Gurudumu likazunguka.

Niliuvuta mkono kwa nguvu zangu zote. Vidole viwili vilibaki humo.

Torgeir alikuja mbio, akazima umeme. "Ameona picha ya zamani iliyoganda kwenye kompyuta," alisema huku akinifunga bandeji. "Akadhani umemaliza."

Huenda. Lakini tulipofungua rekodi, dakika zote nne ambazo uzi ulikuwa umechomolewa zilikuwa nyeusi tupu.

Ragnhild hakujitetea. Alisimama mlangoni.

"Nilikusikia, Sjur," alisema. "Nilikusikia vizuri tu. Nisamehe."

Roboti ilipopandishwa, mkono wake wa chuma ulikuwa umefumbwa. Torgeir aliufumbua kwa nondo. Ikaanguka sitahani glavu moja ya sufu, ya kufuma kwa mkono, nyeusi na nyeupe.

Ragnhild akaitambua, akaiokota, akaikumbatia. Kisha akaninyooshea, niiguse.

Ilikuwa na joto.