Aliyefuata Tawi

Mchungaji alishaniambia: nikilibeba lile tawi la kuwarudisha wafu nyumbani, blauzi nyekundu ya akina mama wa kanisa naivua. Nikamjibu nimesikia. Sikusema nimekubali.

Kaka yangu Bhekuyise alifia kwenye kona ya barabara kuu, basi lilipopinduka likaua watu tisa, mdogo wa mchungaji wetu akiwemo. Tangu hapo mama alikuwa hali chakula. Alisema mwanawe bado yuko barabarani, anapigwa na baridi. Basi jioni moja nikakata tawi la mkunazi, nikavaa blauzi yangu makusudi, nikaenda kumchukua.

Kwetu marehemu huitwa kwa majina ya ukoo, kisha unamwongoza hadi nyumbani bila kumsemesha mtu mwingine njiani. Majina ya ukoo! Mimi, mwalimu wa shule ya Jumapili? Niliona haya. Nikalaza tawi kwenye lami, nikanong'ona tu, "Uliyelala hapa, kwa jina la Yesu, inuka twende nyumbani."

Tawi likawa zito.

Nikatembea. Nyuma yangu... kwata, kwata. Viatu vizito. Halafu harufu ya tumbaku, na Bhekuyise hakuwahi kuvuta hata siku moja.

Sikugeuka.

Mama alikuwa mlangoni. Akatazama nyuma ya bega langu.

"Khethiwe," akanong'ona, "umetuletea nani?"

Kulipokucha nilirudi na tawi jipya na blauzi ileile. Mchungaji alikuwa ng'ambo ya barabara na nusu ya kanisa. Aliniita mara tatu, sikumjibu. Nikapaza sauti wote wasikie: "Bhekuyise! Mthembu! Mvelase! Qhudeni! Mama anakungoja!"

Siku hiyo mama alikula ugali na mtindi, akaomba aongezewe.

Lakini yule mwingine hakuondoka. Nitamrudishaje, na jina lake silijui? Kila jioni tumbaku hunukia mlangoni, nami namwekea maji.

Mchungaji alituma watu mara mbili waichukue blauzi. Nikawaambia aje mwenyewe, jioni.

Jana akaja. Alipofika mlangoni alinusa, akasimama. Midomo ikamcheza.

Kwata.

"Mwite, Mchungaji," nikamwambia. "Wewe jina lake unalijua."

Aligeuka akaondoka, karibu akimbie. Blauzi ninayo, nimeivaa. Na jua linazama sasa hivi... tumbaku imeanza kunukia.