Danbi Akodoa Macho

Baada ya kufua, Bibi Boksun alimfungua mjukuu wake mgongoni, akamkalisha sakafuni na kumwegemeza kwenye mto. Mbele yake akapanga uzi, penseli na bakuli la mchele. Ndiyo desturi ya Korea, hata hapo mjini Daegu: mtoto akitimiza mwaka huwekewa vitu hivyo mbele ya ndugu, na atakachoshika ndicho kitakachoonyesha maisha yake. Danbi alikuwa na miezi mitano tu. Lakini Boksun, kwa haraka zake, alitaka kumfanyisha mazoezi.

Danbi hakushika kitu. Alitazama tu.

"Mzito huyu," Boksun akamwambia mkwe wake, Miran, mamake Danbi. "Hiyo sherehe tusiite watu. Tutachekwa."

"Jamani, Mama! Anakusikia."

"Asikie nini? Huyu anajua kunyonya tu!"

Miran alikwenda kulilia jikoni. Huko ndiko alikokutwa na jirani yao Yeonhui aliyepita kuwasalimu, ambaye kazi yake chuo kikuu ni kuchunguza fikra za watoto wachanga.

"Bibi, mtoto hasemi, kwa hiyo mimi nayauliza macho yake," Yeonhui alimwambia Boksun alipokwisha kusikia yaliyotokea. "Jambo la kawaida hulichoka upesi. La ajabu hulitazama sana. Njooni chuoni kesho mwone."

Kesho yake Miran alimpakata Danbi mbele ya jukwaa dogo. Akafumba macho, asije akamwashiria mtoto. Boksun alikaa chumba cha pili, akiwatazama kwenye televisheni.

Mwanasesere mmoja aliwekwa jukwaani. Ubao ukainuliwa, ukamficha. Mkono wa Yeonhui ukapeleka mwanasesere wa pili nyuma ya ubao. Ubao uliposhushwa, walikuwa wawili. Danbi alitazama kidogo, akarudia kunyonya kidole.

Mchezo ukaanza upya. Safari hii Yeonhui alimtoa mmoja kwa siri. Ubao ukashuka: yupo mmoja tu!

Danbi akaacha kidole. Akakodoa macho. Akatazama, akatazama.

Boksun akaisogelea televisheni. "Lo! Anajua mmoja hayupo!"

"Huu si mtihani wa mtoto mmoja, Bibi," Yeonhui akamwambia baadaye. "Tunawatazama wengi ndipo tunaposema. Ila wengi hushangaa hivyo hivyo. Kutazama ndiko kujifunza kwao. Msemesheni, mwonyesheni vitu. Kushika kutakuja."

Boksun alikuwa akikumbuka yote aliyoyasema mbele ya mtoto yule, akidhani yuko peke yake.

Nyumbani alimpakata uso kwa uso. "Nisamehe, mjukuu wangu. Sikujua kama upo."

Tangu hapo kila alichofanya alimweleza, awe anakata kabichi au anakunja nguo. Danbi naye akawa anamjibu kwa lugha yake, mpaka majirani wakawa wanawacheka.

Mwaka ulipokaribia kutimia, Boksun mwenyewe aliwapigia simu ndugu.

"Njooni nyote," alisema. "Lakini chungeni midomo yenu. Kuna mtu anatutazama."