Mikono Nyuma ya Mgongo

Kila Jumamosi asubuhi, akishafua sare zake na kuzianika, msichana mmoja wa darasa la saba alikwenda mbio kwenye maktaba ya mtaa. Wenzake walimwita Chapchap, na jina hilo lilimkaa vizuri. Alikula chapchap, aliandika chapchap, na hata mswaki alipiga huku akitafuta viatu vyake kwa mguu chini ya kitanda. Pale maktaba, shangazi yake ndiye aliyekuwa msimamizi wa chumba cha kompyuta, na Chapchap alijivunia jambo hilo kupita kiasi.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo. Kompyuta zilipangwa kando ya ukuta, na juu yake feni ililalamika kila ilipozunguka. Maktaba iliwapa watu wa mtaa barua pepe bila malipo. Ili wasisahau maneno yao ya siri, waliwekewa programu ya kuyatunza, ambayo kila mtu aliiita Kasha. Wengi wa waliokuja walikuwa hawajawahi kushika kipanya, kwa hiyo kando ya kila kompyuta palibandikwa mwongozo ulioeleza hatua kwa hatua: fungua hiki, bonyeza kile, andika hapa.

Kazi ya kuutunza mwongozo huo ilikuwa ya Chapchap. Aliuandika katika programu nyepesi ya maandishi matupu, isiyo na picha wala mapambo. Kasha lilipobadilika, aliufungua, akakata mistari ya zamani, akaweka mipya, kisha akachapisha nakala za kubandika.

Shangazi alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza hata siku moja. Mwongozo ukibadilishwa, lazima atafutwe mtu asiyejua chochote, aketi mbele ya kompyuta na kuufuata. Aliyeuandika asimame nyuma yake, mikono mgongoni, mdomo kimya.

"Akikwama, usimcheke wala usimsaidie," shangazi alizoea kusema. "Aliyekwama si yeye, ni mwongozo. Nenda kaurekebishe."

Jaribio likishapita salama, ndipo mwandishi aliruhusiwa kuandika neno moja chini kabisa ya ukurasa: Umejaribiwa. Chapchap aliliona sharti hilo linachosha kuliko foleni ya dukani. Kusimama kama mlingoti na kumtazama mtu akitafuta herufi moja kwenye kibodi kulimfanya awashwe mwili mzima.

Basi ikatokea kwamba Kasha jipya liliwekwa, Chapchap akaubadilisha mwongozo, na siku chache baadaye mambo yakaanza kwenda mrama.

Wa kwanza kulalamika alikuwa dereva mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Breki. "Binti, hii mashine imeninunia," alisema akiikodolea macho kompyuta. "Kila nikiingia inaniambia paswedi si yenyewe. Yenyewe ipi sasa?" Baada yake akaja mwingine, halafu mwingine. Wote walikuwa wamebadilisha maneno yao ya siri wiki ile, na wote walikuwa wamefungiwa nje ya barua pepe zao.

Kisha akaingia mama mshonaji, mwenye kibanda cha cherehani ng'ambo ya barabara, futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni. Binti yake alikuwa amechaguliwa kujiunga na chuo cha uuguzi. Barua ya kumwita ilitumwa kwenye barua pepe ya mama, na walitakiwa kuijibu kabla ya Ijumaa jioni. Wasipojibu, nafasi angepewa mwingine. Mama huyo alijaribu kuingia mara nyingi, lakini barua pepe haikufunguka.

Shangazi aliipigia simu ofisi kuu ya maktaba. Alipomaliza kuzungumza, uso wake ulikuwa umebadilika. "Wanahisi kuna mtu anaiba maneno ya siri na kuyageuza," alisema kwa sauti ya chini. "Wameniambia nisiguse barua pepe yoyote iliyofungwa. Mkaguzi atakuja Jumatatu."

Mwizi! Neno hilo lilimwingia Chapchap kama mwiba. Toka saa ile hakuona tena wasomaji mle chumbani, aliona washukiwa. Mtu akikohoa, aligeuka. Mtu akicheka mbele ya kompyuta, alijiuliza kinachomchekesha ni nini. Na kila alipogeuka, macho yake yaliishia kwa mtu yuleyule.

Huyo alikuwa msichana wa darasa lao aliyehamia mtaani muhula ule, akaishi kwa babu yake, fundi saa. Watoto walimwita Mgeni, na ingawa miezi ilikuwa inapita, hakuna aliyefikiria kumbadilishia jina. Baada ya shule alijitolea kuwasaidia wanaoanza kutumia kompyuta. Hakuwa msemaji. Alizungumza na watu kwa sauti ya chini, akiwa amewainamia, na ukimtazama aliangalia sakafu.

"Mbona kila aliyefungiwa alihudumiwa na yeye?" Chapchap alijiuliza. Alihesabu tena akilini, akaona ni kweli: Breki alihudumiwa na Mgeni, mama mshonaji alihudumiwa na Mgeni, na wale wengine pia. Waliojihudumia wenyewe kwa sababu walilizoea Kasha hawakupatwa na lolote. Sasa hata ukimya wa Mgeni ulimnukia vibaya. Mtu asiye na cha kuficha anaogopa nini kuongea?

Jumatano jioni alishindwa kuvumilia. Chumba kilikuwa kimejaa watu aliposimama na kusema kwa sauti, "Shangazi, mwizi namjua. Tunaye humuhumu ndani."

Kidole chake kilipoonyesha, vichwa vyote viligeuka. Mgeni alijishika kifua.

"Mimi? Mimi ninawasomea mwongozo tu."

"Unawasomea, au unachungulia paswedi zao?"

"Chapchap!" shangazi alimkata kauli. "Una ushahidi?"

"Kila aliyefungiwa kapita mikononi mwake. Unataka ushahidi gani tena?"

"Hiyo ni dhana. Simfukuzi mtu kwa dhana. Keti chini."

Lakini maneno yalikwisha kutoka, na hayakuwa na njia ya kurudi. Mama mshonaji, ambaye alikuwa amekaa jirani na Mgeni, aliuvuta mkoba wake taratibu na kuuweka upande wa pili. Mgeni aliliona lile tendo dogo. Aliinuka, akaenda kuketi pembeni peke yake, na hakuna aliyemwita amsaidie jioni yote ile.

Chapchap hakuridhika. Shangazi anataka ushahidi? Ataupata. Alhamisi baada ya shule alijipenyeza nyuma ya rafu ya magazeti ya zamani, mahali ambapo angeona kila kitu bila kuonekana. Vumbi lilimwasha pua, akaibana kwa vidole ili asipige chafya.

Haikupita muda akaingia kinyozi, mgeni kabisa wa kompyuta, ambaye hakuwa amesikia uvumi wowote. Alitaka kubadilisha neno lake la siri. Mgeni alimkaribisha kwa heshima, akamvutia kiti, akamwonyesha mwongozo uliobandikwa kando ya kompyuta. Kisha akafanya jambo ambalo Chapchap hakulitarajia. Alirudi hatua moja, akasimama nyuma ya kile kiti, na kuweka mikono yake mgongoni.

"Mimi sigusi chochote, kaka," alisema. "Wewe soma, ufuate. Ukikwama tuutazame mwongozo pamoja."

Kinyozi alisoma kwa kuvuta maneno. "Fungua Kasha. Haya, limefunguka. Bonyeza Tunga, Kasha litakutungia neno jipya la siri. Limetunga, lo, refu hili! Linakili neno hilo, ulibandike kwenye ukurasa wa barua pepe. Tayari. Funga Kasha."

Kule nyuma ya rafu, Chapchap alishtuka. Hifadhi! Mbona hajasoma Hifadhi? Kabla ya kulifunga Kasha ilikuwa lazima kubonyeza Hifadhi, la sivyo lile neno jipya lingepotea, na hakuna binadamu ambaye angeweza kulikumbuka.

"Linaniuliza kama nina hakika," kinyozi alisema akisita. "Nifunge?"

Mgeni aliinama, akausoma mwongozo kutoka juu hadi chini. Ilionekana hata yeye ameingiwa na shaka. "Mwongozo unasema funga," alijibu mwishowe. "Na hapa chini umeandikwa umejaribiwa. Basi funga tu, kaka."

Kinyozi akafunga, akashukuru, akaenda zake akipiga mluzi.

 Chapchap alisubiri Mgeni atoke kwenda kunywa maji, akachomoka mafichoni na kuufungua mwongozo kwenye kompyuta ya pembeni. Aliusoma mstari kwa mstari, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu auandike. Hatua ya Hifadhi haikuwamo.

Hapo akakumbuka yote. Jumamosi ile rafiki zake walikuwa wanamsubiri nje waende kutazama mpira. Alitaka kuishusha hatua ya Hifadhi, akaukata mstari wake. Kabla hajaubandika, akaona mwingine usiohitajika, akaukata nao. Kompyuta hukumbuka kilichokatwa mwisho tu, kwa hiyo mstari wa kwanza ukapotea palepale naye asijue. Waliolizoea Kasha waliendelea kubonyeza Hifadhi kwa mazoea. Walioponzwa ni wale wanaoanza, waliofuata kila neno kwa uaminifu, na hao ndio waliokuwa wakisaidiwa na Mgeni.

Na lile neno la chini? Hakuna mtu aliyeujaribu mwongozo ule. Chapchap aliandika Umejaribiwa huku mkoba ukiwa tayari begani.

Aliangalia mlangoni. Hapakuwa na mtu. Vidole vyake vikaurudisha mstari mahali pake: Bonyeza Hifadhi. Akachapisha nakala mpya, akabandua za zamani, akazikunjakunja na kuzitia kwenye mkoba wake. Alishusha pumzi. Hakuna atakayejua. Watu hawatafungiwa tena, na hadithi ya mwizi itajifia yenyewe.

Lakini alipokuwa akitoka alimkuta mama mshonaji mezani kwa shangazi.

"Dada, nakuomba," mama yule alisema. "Kesho ndiyo Ijumaa. Mwanangu hajala toka jana."

"Dada yangu, ningeweza ningekufungulia sasa hivi. Kukupa neno jipya la siri ni kazi ndogo. Lakini maadamu kuna mwizi, nimekatazwa kugusa. Ningekuwa na hakika kwamba hakuna mwizi, hata kikombe cha chai usingekimaliza kabla sijakufungulia."

Karatasi zilizokunjwa zilimlemea Chapchap kuliko vitabu vyote. Kumbe kurekebisha mwongozo kimyakimya kusingemsaidia mama huyu hata kidogo. Pembeni, Mgeni alikuwa amerudi, amekaa peke yake kama jana. Chapchap akapiga moyo konde.

"Shangazi, hakuna mwizi," alisema. "Mwongozo ndio mbovu. Niliuharibu mimi."

Alizitoa karatasi mkobani na kueleza kila kitu: mpira, mstari uliopotea, neno alilolighushi, hata alivyojificha nyuma ya rafu na yote aliyoyaona na kuyasikia kule. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.  Shangazi alichukua nakala moja ya zamani, akakaa mbele ya kompyuta na kuifuata kama ilivyo. Neno la siri likapotea mbele ya macho ya wote. Ndipo akainua simu na kupiga ofisi kuu.

Kweli, chai isingeisha. Barua pepe ya mama mshonaji ilifunguka, binti yake akaitwa mbio, jibu likatumwa chuoni jioni ileile. Breki na wenzake walifunguliwa mmoja baada ya mwingine, na mtu akatumwa kumwahi kinyozi. Mama mshonaji hakumgombeza Chapchap. Alikwenda moja kwa moja kwa Mgeni, akamshika mikono. "Nisamehe, mwanangu. Niliuvuta mkoba wangu mbele yako." Mgeni aliitikia kwa kichwa.

Zamu ya Chapchap ilipofika, maneno yalimtoka kwa shida. "Nilikusingizia mbele za watu. Nisamehe."

"Nimesikia," Mgeni alijibu akitazama sakafu. Chapchap alielewa kwamba hana haki ya kudai zaidi.

Jumamosi iliyofuata, Chapchap aliomba watu waitwe hadi chumba kijae, kama kilivyojaa siku ile. Akasema mbele yao wote kwamba Mgeni hakuiba kitu, na kwamba kosa lilikuwa lake. Kisha akauliza kama kuna atakayekubali kuujaribu mwongozo mpya.  Halafu Breki akavuta kiti. "Lete hiyo kazi. Mimi sijui kitu, nawafaa."

Breki alisoma, Chapchap amesimama nyuma, mikono mgongoni, akiuma midomo kila mzee alipokwama. Pembeni yake alisimama Mgeni, naye mikono mgongoni. Mara mbili Breki alikwama, na mara mbili waliurekebisha mwongozo wakaanza upya. Mwishowe Kasha likafungwa, likafunguliwa, na neno la siri likawa limetulia ndani.

Chapchap alinyoosha mkono kwenye kibodi. Shangazi akauzuia.

"Kukata mstari kwa bahati mbaya kunaweza kumtokea yeyote, hata mimi," alisema. "Lakini neno la chini hukuliandika kwa bahati mbaya. Mwenzio aliingiwa na shaka, akalisoma neno lako, akaiacha shaka yake kwa sababu alikuamini. Nawe ulikuwa nyuma ya rafu, unamvizia. Siku nyingine jambo likiharibika, kagua kwanza kazi ya mikono yako, ndipo utazame ya wengine. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shangazi."

"Basi mwulize mwenzio kama uandike."

Chapchap aligeuka. Kwa mara ya kwanza, Mgeni hakutazama sakafu. Aliutazama mwongozo, akamtazama na yeye.

"Andika," alisema. "Lakini taratibu."