Vita vya Vitambaa Karashani

Zipora Makoye akitoka shule huzijua kazi zake bila kuambiwa. Anavua sare, anachota maji ndoo mbili, kisha anabeba hotipoti ya chakula kumpelekea baba yake karashani. Baba yake, Makoye, ni msimamizi wa karasha moja pale Rwamgasa. Karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu mpaka yawe unga, na kelele zake unazisikia hata ukiwa darasani unafanya hesabu.

Tatizo ni kwamba kati ya nyumbani na karashani kuna banda la gemu la Ndaki. Hapo ndipo chakula cha baba kilipokuwa kikipoa karibu kila siku.

Lilikuwa banda la mabati, lenye joto la kukausha mihogo, na watoto wamebanana mbele ya televisheni wakipiga kelele. Gemu iliyowatia wazimu ilikuwa ya askari wa miaka ambayo haijafika. Askari hao wamevaa vyuma mwili mzima, wako kwenye sayari nyekundu isiyo na mti hata mmoja, na maadui zao ni madude yenye mikono sita. Ukisimama wazi, umekwisha. Lazima ujibanze nyuma ya ukuta au gari bovu, uchungulie, upige, urudi kujibanza. Dude likipigwa kichwani linapasuka, damu nyeusi inatapakaa kwenye kioo chote, na watoto wanashangilia utafikiri timu ya taifa imefunga. Kasha la gemu hiyo limeandikwa wazi kwamba ni ya watu wazima. Ndaki alibandika stika juu ya maandishi hayo, akaendelea na biashara yake. Aibu yake!

Alhamisi moja Zipora alicheza upande mmoja na Abdulshakur, mtoto wa darasa lake. Usidhani upande mmoja maana yake walipatana.

"Toka mbele, unanizibia!" alifoka Zipora.

"Nakuzibia nini? Tangu tuanze umejificha nyuma yangu. Mimi napigwa risasi, wewe unaokota pointi!"

"Hiyo ndiyo akili. Huna akili, utakufa tu."

"Akili? Huo ni woga, wewe kuku!"

Walikuwa karibu kushikana mashati umeme ulipokatika. Televisheni ikazimika, na karasha zote mtaani zikanyamaza. Ndaki akawatoa nje wote kwa fimbo ya ufagio.

Zipora akakumbuka hotipoti. Alikimbia mpaka karashani, Abdulshakur na wenzao wanne wakimfuata huku wakiendelea kutukanana. Walipofika hawakumkuta mtu. Makoye alikuwa amesubiri chakula mpaka akachoka. Umeme ulipokatika, yeye na vijana wake walivuka barabara kwenda kula kwa mama lishe, wakaacha uwanja mtupu.

Ukutani kulikuwa na viroba vya mawe, vimepangwa juu kupita kimo cha mtoto kama kuta za kwenye sayari nyekundu. Macho ya Abdulshakur yakang'aa.

"Hapa ndipo penyewe," alisema. "Tucheze vita ya kweli. Mimi askari, wewe dude."

"Dude ni wewe na sura yako hiyo!"

"Basi tutajuana vipi? Kila upande uwe na alama."

Sasa nisikilize vizuri. Viroba vya mawe ni vyeupe vyote na vinafanana. Kila mwenye mawe hufunga kitambaa cha rangi yake kwenye mdomo wa kiroba, na kitambaa hicho ndicho jina lake. Hakuna anayegusa kitambaa cha mwenzake. Mchimbaji anaweza kusahau pesa kwenye shati akarudishiwa, lakini ukikutwa umeshika kitambaa cha mtu, wewe ni mwizi, na wezi karashani hawapelekwi polisi wakiwa wazima. Zipora alilijua hilo kuliko alivyojua jedwali la kuzidisha.

Abdulshakur alifungua vitambaa vyekundu. "Ni vya baba yangu," alisema. "Nani atanifanya nini?" Kweli vilikuwa vya baba yake, Mzee Masudi, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lililokuwa linatoa mawe mazuri kuliko mengine yote mwaka ule.

Zipora akafungua vya buluu vilivyokuwa pembeni yake. Hivyo vilikuwa vya Sesilia, mjane kutoka Ushirombo, ambaye watu wote humwita Mama Noela. Yeye hana duara. Huokota magwangala, yaani mawe yaliyotupwa na wachimbaji, akaponda, akajaza viroba vyake kidogo kidogo, akapata senti za kumsomesha mwanawe.

Wakafunga vitambaa mikononi, vita vikaanza. Walijibanza nyuma ya viroba, wakachungulia, wakarushiana mabonge ya udongo. Abdulshakur alimpiga Zipora shavuni akacheka kwa nguvu. Zipora akamrudishia la pua. Ikawa ugomvi kweli, na pengine wangetoana meno kama wasingesikia sauti ya Makoye akivuka barabara.

"Rudisheni! Haraka!" Zipora aliwaambia wenzake.

Wakafunga vitambaa popote, chekundu hapa, cha buluu pale. Kitambaa kimoja cha buluu kilichanika, Zipora akachomoa kamba nyeupe ya kiatu chake cha shule, akakiungia nayo. Makoye alipoingia alikuta watoto wamesimama wamejaa vumbi, na hotipoti iko chini.

"Mmefanya nini hapa?"

"Hamna kitu, baba. Nimekuletea chakula."

"Chakula cha saa hizi ni cha nani? Potea mbele yangu!"

Jumamosi ikawa zamu ya Mama Noela kusaga. Unga wake ulipooshwa kwenye mwalo, pale dhahabu inapotenganishwa na mchanga kwa maji, yule mama alipiga kigelegele mpaka sauti ikamkauka. Dhahabu ilikuwa inang'aa! Watu walikuja kuangalia, wengine wakampongeza, wengine wakanuna. Kisha ikafuata zamu ya Mzee Masudi. Akaosha, akaosha tena, akapata vumbi la kufuta kwa kidole.

Masudi aliingia uwanjani, akafungua kiroba kimojawapo kilichobaki chenye kitambaa cha buluu, akatoa jiwe, akaligeuzageuza juani. Lilikuwa jiwe la duara lake.

"Mwizi!" alinguruma, na watu wakamsikia mpaka mwaloni. "Huyu mwanamke amebadilisha vitambaa! Mwizi!"

"Mzee Masudi, sijagusa kitu chako!" Mama Noela alilia. "Naapa kwa Mungu!"

"Magwangala tangu lini yakatoa dhahabu hiyo? Tuambie!"

Vijana wakaanza kuokota mawe. Kumbe watu waliompongeza dakika chache zilizopita ndio hao hao walioinama kutafuta la kumrushia! Makoye alisimama mbele ya Mama Noela akanyoosha mikono, akawazuia kwa shida. Wakamnyang'anya dhahabu, na Masudi akampa mpaka kesho jioni awe ameondoka Rwamgasa. "Nikikukuta hapa keshokutwa," alisema, "Makoye hatakuwepo wa kukukinga."

Zipora aliona yote. Alikuwa amekaza mgongo nyuma ya viroba, hotipoti kifuani, anachungulia kwa jicho moja. Alimwogopa Masudi, alimwogopa baba yake, aliyaogopa yale mawe mikononi mwa vijana. Akabaki pale pale mpaka watu wakatawanyika.

Jioni Abdulshakur alimkamata kichochoroni. "Ukisema, nakupasua," alimwambia. "Na baba yako atafukuzwa kazi kwa kuacha karasha peke yake. Nyamaza."

Asubuhi ya Jumapili Zipora alimkuta Noela kisimani. Noela ni wa dawati lake, wanashirikiana kalamu tangu darasa la tatu. Wanawake walikuwa wamemzuia kuchota.

"Sogeza ndoo yako huko," mmoja alisema. "Ukoo wenu una mikono mirefu."

Noela akamgeukia Zipora, macho yamevimba. "Zipora, baba yako ndiye msimamizi. Mwambie aseme neno. Mama hajaiba. Tunaondoka leo, na bibi huko Ushirombo hana uwezo wa kunisomesha."

Zipora akainama, akajifanya anasuuza ndoo yake. Noela alimtazama, akabeba ndoo yake tupu, akaondoka, na wale wanawake wakacheka. Kicheko kile kilimchoma Zipora kuliko bonge la udongo. Alijiona mchafu. Akaacha ndoo zake pale pale na kukimbia karashani bila kusimama.

Mama Noela alikuwa amekuja kuchukua nyundo na karai lake, na Masudi alikuwa anamzuia hata hivyo vitu. Abdulshakur alisimama kando ya baba yake.

"Shikamoo Mzee Masudi," Zipora alisema, akihema.

"Marahaba. Mambo ya wakubwa haya, ondoka."

"Mama Noela hajaiba. Ni sisi. Mimi na Abdulshakur."

Abdulshakur akamrukia. "Mwongo! Mwongo huyu!" Makoye alimdaka begani akamtuliza.

"Tulicheza ile gemu ya kwa Ndaki," Zipora aliendelea, machozi yanamtiririka. "Tulivua vitambaa tukavivaa. Baba aliporudi tukavifunga ovyo. Kimoja cha buluu kilichanika, nikakiungia kwa kamba ya kiatu changu."

Makoye akaenda ukutani, akapita kiroba kwa kiroba. Akasimama. Akarudi na kitambaa cha buluu kinachoning'inia kwenye kamba nyeupe. Akatazama viatu vya mwanawe vya shule, vile vile alivyovaa. Kimoja kilikuwa kimefungwa kwa katani.

Masudi akamgeukia mwanawe. "Nitazame. Nimesema nitazame!" Abdulshakur akainamisha kichwa, na hilo likawa jibu lake.

"Kosa ni langu pia," Makoye alisema. "Niliacha uwanja peke yake." Kisha akamshukia Zipora, sauti imebanwa kwa hasira. "Ng'wanawane, mwanangu, kule kwenye televisheni mtu akipasuka kichwa mnabonyeza kitufe, anafufuka, mnaendelea kucheza. Jana vijana walishika mawe. Wangempiga mama huyu, ungebonyeza wapi? Hebu nionyeshe hicho kitufe!"

Viroba vilivyobaki vikafunguliwa vyote, mawe yakatazamwa, kila mtu akarudishiwa chake. Masudi akakohoa, akamsukumia Mama Noela karai lake. "Haya basi. Watoto wametukosanisha. Yaishe."

"Hayaishi," Mama Noela alisema.

"Unasemaje?"

"Jana uliniita mwizi wakakusikia mpaka mwaloni. Leo unaninong'oneza? Sema kwa sauti ile ile, Mzee Masudi. Hapo hapo uliposimama."

Watu walikuwa wameshaanza kujikusanya. Masudi alikunja uso, akatazama huku na huku, asione pa kwenda. Mwishowe akapaza sauti. "Sesilia si mwizi! Ni mtoto wangu aliyechezea vitambaa! Sesilia hajaiba!" Akamshika Abdulshakur mkono wakaondoka, na hakuna aliyetaka kuwa Abdulshakur jioni ile.

Vijana wale wa mawe walitazama chini. Mama Noela hakuwaangalia. Alikuwa anamwangalia Zipora, na macho yake hayakuwa na huruma.

"Nisamehe, Mama Noela."

"Nitakusamehe, lakini si leo. Leo nina hasira." Alikaa kwenye kiroba. "Kuogopa nakuelewa. Hata mimi jana niliogopa, nilijua nakufa. Lakini wewe ulikosea Alhamisi kwa utoto, na jana ukakosea kwa kujua. Ulipovua vitambaa ulikuwa unacheza. Uliponyamaza ukaona naitwa mwizi, hapo hukuwa unacheza tena. Kosa lako ukimwachia mtu mwingine alibebe, kila saa unayonyamaza unamwongezea mzigo. Ukikosea, sema mapema, wakati bado ni dogo na wewe mwenyewe unaweza kulibeba. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Haya. Noela yuko nyumbani anafunga mizigo. Sitaenda mimi kumwambia. Nenda wewe."

Zipora akaenda. Njia ilikuwa fupi, lakini siku hiyo aliiona ndefu. Alimkuta Noela mlangoni, ameketi juu ya shuka lililofungwa fundo kubwa, lenye vyombo, nguo na madaftari ya shule ndani yake. Alimweleza yote, bila kuficha hata ile kamba ya kiatu, bila kumsingizia Abdulshakur zaidi ya alichofanya.

Noela alisikiliza mpaka mwisho. Hakumkumbatia, wala hakumkaribisha ndani. Alisimama, akausukuma mzigo kwa mguu mpaka ukagusa viatu vya Zipora.

"Fungua wewe," alisema. "Ni kwa sababu yako tulifunga."

Zipora akapiga magoti kwenye vumbi, akaanza kufungua.