Mchanga wa Muhuru Bay

Giza lilikuwa linaingia Rangwe, na Cephas alikuwa nje na jagi, akikinga maji ya mvua kwenye tangi. Ya samaki hayo. Ndiyo, samaki wa sebuleni! Binamu yake wa Mombasa alimtumia sanduku la kioo la kufugia, chumvi ya bahari na pampu ya hewa, kisha samaki wawili wadogo wa rangi ya machungwa. Akamfundisha: koroga chumvi kwenye maji ya mvua, tandaza mchanga, ngoja wiki kadhaa ndipo utie samaki. Maji yakipungua, ongeza yasiyo na chumvi.

Mchanga wa binamu ulichelewa. Cephas, mtu wa vya bure tangu utotoni, akaenda Muhuru Bay, ufuoni mwa ziwa, kujichotea gunia. Akachota pale pale ambapo mtumbwi wa mdogo wake, Gordon, ulipatikana mtupu. Wavuvi walimkataza. Mahali ziwa lilipomla mtu hapachotwi kitu mpaka azikwe. Cephas akacheka.

Na nani alikataa Gordon azikwe? Ni yeye! Mwili usipopatikana, Wajaluo huzika tunda la yago, lile refu la mwegea, badala yake, wakalia, yakaisha. Phelesia, mke wa Gordon, aliomba hilo mpaka sauti ikamkauka. Cephas akamwambia yeye ameokoka, hayazikwi matunda kwake. Uongo mtupu. Gordon akizikwa, Phelesia ni mjane, na mjane ana haki yake katika boma la baba mkwe. Cephas alilitaka boma lote. Roho mbaya ile!

Basi jioni hiyo akaingia na jagi lake, akasimama. Maji hayakuwa yamepungua. Yalikuwa yamefika ukingoni.

Na harufu... omena mbichi, dagaa wa ziwani.

Wale samaki wawili walikuwa wamekufa, wamejibana kwenye kona ya kioo.

"Hodi."

Alikuwa Phelesia, na mfuko wake wa nguo.

"Shemeji, hii ni mara ya mwisho. Niruhusu nimzike Gordon."

"Hakuna maiti, hakuna mjane. Rudi kwenu."

Stima ikapotea. Pampu ikanyamaza.

Blup.

Blup... blup...

Mapovu yalikuwa yanatoka chini ya mchanga, polepole, kama pumzi za mtu aliyelala. Phelesia akawasha tochi ya simu. Akachovya kidole, akalamba.

"Yawa, shemeji," akanong'ona. "Hakuna chumvi. Haya ni maji ya ziwa."

Akamulika chini. Mchanga ambao Cephas aliusawazisha kwa kiganja chake ulikuwa umejirundika katikati, tuta refu, jembamba.

Kaburi.

"Ulikataa kumzika," Phelesia akasema. "Amejizika mwenyewe."

Hakulia. Aliweka mfuko chini, akaketi kando ya kioo.

"Mjane hukaa penye kaburi la mumewe. Wa kutoka ni wewe."

Cephas alitoka, jagi bado liko mkononi. Siku hizi anapanga chumba Homa Bay, na maji ya kunywa huyaonja kwanza kwa ncha ya ulimi. Wapo wanaosema ni uchawi wa Phelesia. Huenda. Lakini mchanga ule aliuchota nani?

Pampu haijawashwa tena. Wapita njia husikia mapovu, na sauti ya mwanamke ikiongea kidogo, ikinyamaza, ikisikiliza... kisha ikicheka.