Hakuna Anayeitwa Mtu

Wacera na mumewe Kiarie ni wakulima huko Soy. Majirani humwita Wacera Mama Shiko. Kila Novemba wao huanika mahindi kwenye turubai asubuhi na kuyaanua jioni. Lakini mwaka huu Kiarie alivunjika mguu. Mavuno yote ya familia yalibaki mikononi mwa Wacera. Yangelowa, yangeota ukungu, na mahindi yenye ukungu hayaliki.

Alasiri moja mawingu meusi yalikuja mapema. Wacera aliandika kwenye grupu la WhatsApp la majirani: "Jamani, mtu anisaidie kuanua mahindi."

Watu thelathini na wanane walisoma. Watano walituma picha za mikono ya maombi. Mikono ya kubeba magunia haikuonekana.

"Nilikwambia," Kiarie alisema. "Sisi ni watu wa kuja. Hawatupendi."

Maneno hayo yalimuuma Wacera. Aliendelea kuzoa mahindi.

Mwalimu Jepchumba, jirani yao, alipita akitoka shuleni. Alisimama langoni.

"Kwani uko peke yako, Mama Shiko? Message niliona. Nikadhani Kipyego wa trekta amekuja, si ako karibu?"

"Hajakuja."

"Pengine naye amedhani ni mimi. Watu wakiombwa wakiwa wengi, kila mmoja anangojea mwenzake. Si roho mbaya. Hakuna anayeitwa Mtu. Piga simu, taja jina, taja kazi."

"Naona aibu kusumbua watu."

"Wewe Kipyego akikuita kwa jina, utakataa?"

"Nitaenda mbio."

"Basi piga."

Wacera alipiga. "Kipyego, leta trekta ubebe magunia sasa hivi." Kisha akampigia jirani mwingine: "Mabonga, njoo na beleshi."

Walifika kabla ya dakika kumi.

"Mama, nilijua Mabonga ameshafika," Kipyego alisema.

"Na mimi nilijua ni wewe," Mabonga alijibu.

Gunia la mwisho liliingia ghalani mvua ikianza kupiga mabati. Kiarie aliwatazama majirani wakijifuta jasho, akaona haya kwa aliyoyasema. Aliomba wapikiwe chai, tena ya maziwa mengi.

Wiki iliyofuata Kipyego aliandika kwenye grupu: "Mtu anisaidie, ng'ombe ameanguka mtaroni."

Wacera alijibu papo hapo: "Kipyego, nakuja na kamba. Mabonga, leta jembe. Mwalimu, pigia daktari wa mifugo."

Kisha Kiarie naye akaandika: "Mimi na mguu wangu nitapika chai."

Ng'ombe alitoka kabla chai haijachemka.