Viganja Nyuma ya Lipu

Kipande cha lipu ya udongo kilibanduka kutoka ukuta wa nyuma wa nyumba kuukuu iliyokuwa ikikarabatiwa. Mwanaakiolojia akakiokota, akakigeuza. Kilikuwa na alama ya kiganja, na si upande wa chumbani ambako fundi wa zamani angepapasa. Ilikuwa upande uliogusana na ukuta. Kuna kitu kilichosukuma kutoka ndani.

"Simamisha kazi," alimwambia fundi mkuu. "Udongo wa ukuta huu usichanganywe na mwingine."

"Dada, umeletwa kuangalia. Basi angalia."

"Kuangalia na kusimamisha. Ulikubali mwenyewe."

"Sawa, profesa wa vumbi." Akasukuma toroli lenye udongo ule hadi shimo la kukandia lipu mpya, akaumwaga juu ya udongo wa nyumba nzima, akaukanyaga huku akimkodolea macho. Makusudi kabisa. Mtu mzima na ndevu zake.

Nyumba ile ya shamba ilikuwa ya shangazi yake mwanaakiolojia, aliyemlea tangu akitambaa. Naye hakutaka kusikia habari za viganja. "Mwanangu, nimechoka kulala kwa watu," alisema, akimwonya kwa kidole cha shahada kilichopinda tangu kibanwe na mlango wa ghala. Akahamia lipu mpya ikiwa mbichi.

Lipu haikukauka. Ilinuka maziwa yaliyochacha, na ukutani mkwaruzo ulipita chumba hadi chumba, kama watu wanaopashana habari.

Alasiri moja mwanaakiolojia alimkuta fundi mkuu mlangoni pa chumba cha shangazi, mzaha wote umemwisha.

"Nimembishia hodi shangazi yako," alinong'ona.

"Hakuitika?"

"Ameitika. Ndiyo maana sijaingia."

Mwanaakiolojia akampiga kikumbo, akaingia, akakuta kitanda kimetandikwa, kandambili zimepangwa, dirisha limekomewa kwa ndani, na kuta zikivimba na kunywea taratibu kama kifua cha mtu aliyelala, kisha viganja vikaanza kujitokeza kwenye lipu, vidogo, virefu, visivyo vya mtu yeyote anayemjua, vikisukuma kutoka sakafuni hadi darini, mpaka juu ya mto kikatokea kimoja chenye kidole cha shahada kilichopinda.

Fundi mkuu akanyakua sururu. "Tubomoe. Tubomoe hapo."

Kiganja kikazama. Kidole kilekile kikachomoza ukuta wa pili, kisha wa tatu, kisha wakasikia kikikwaruza chumba cha jirani.

"Ukuta upi?" aliuliza mwanaakiolojia, bila kupandisha sauti. "Nionyeshe, fundi. Ukuta upi?"

Sururu ikamponyoka.

"Mwanangu," kuta zote zikaitika.